Sabuni Asiyoogea Baba

Wanafunzi wangu wananiita Citoyenne Zéro, Mwananchi Sifuri. Wanafikiri sisikii. Nasikia sana, na hainiumi, jina hilo nimelitolea jasho. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Bunia, na kila mwaka nikiingia darasa la tano naandika ubaoni kwa Kiingereza: Baba yangu ni mrefu. Baba yangu ni mtu mwema. Baba yangu anapenda jamaa yake. Wananakili, wanakariri, wananirudishia vilevile siku ya mtihani, nami nawapa pointi zao. Ila kila mwaka hakosi mmoja mwenye kiherehere, anayeniletea baba yake wa kweli, yule anayekunywa, anayelia, anayemwogopa mke wake. Huyo nampa zero, na karatasi yake inaishia kwenye moto wa jikoni kwangu. Mwaka huu alikuwa msichana kutoka Bule, na insha yake ilikuwa nzuri mpaka nikakasirika. Alilia. Na alie.

Nitasema sababu mara moja, sirudii.

Mwaka wa 1980 nilikuwa na miaka kumi na saba, niko darasa lile lile ninalolifundisha leo. Nyumbani nilikuwa Bernadette. Shuleni nilikuwa Kavira tu, maana serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Tulikuwa arobaini na wawili darasani, wasichana tisa. Kiingereza chetu kilikuwa zile sentensi tatu za baba mrefu, na tulizijua kama Salamu Maria. Mwezi wa kumi na moja akaletwa mwalimu mpya, Adriko, mtu wa upande wa Arua aliyekuwa amekimbia vita vya kwao Uganda. Alikuwa na suruali moja na sweta la kijani, na Kifaransa chake kilikuwa kinachechemea, kwa hiyo alitufundisha kwa Kiingereza na Kiswahili. Alituambia tuandike insha juu ya baba. Kesho yake akaingia na rundo la karatasi, akasoma tatu kwa sauti, akaziweka chini.

"Ninyi ni arobaini na wawili," akasema, "na baba ni mmoja. Mama zenu wanapatana?"

Tulicheka. Nilicheka na mimi, halafu nikaona haya.

Alitufundisha polepole, mwaka mzima. Anza na kitu kidogo, alikuwa akisema, kitu unachoweza kukishika kwa mkono. Usiniambie baba ni mwema. Niambie alifanya nini asubuhi, mimi nitajua mwenyewe kama ni mwema. Ukimaliza, nenda nyuma ufute kila neno uliloliandika kwa kunifurahisha. Sijapata kufundishwa vizuri namna ile tena, na ninasema hivyo nikiwa na hasira naye mpaka leo.

Sasa baba yangu. Vahwere ni jina lake, Athanase kwa watu wa kanisa. Alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Alipeleka Mongbwalu maharagwe, chumvi na samaki wa ziwani, akarudi na gari tupu, watu wote walimwona anarudi na gari tupu. Lakini Mongbwalu ni dhahabu, na wakati ule raia akikamatwa na dhahabu mfukoni, ni gereza moja kwa moja. Baba aliibeba ndani ya sabuni. Alinunua mche wa sabuni ya kufulia, akakata kipande, na mimi nikakitoboa kwa kijiko, kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo. Nilianza kazi hiyo nikiwa na miaka kumi. Kule Mongbwalu alijaza tundu lile, akaliziba na unga wa sabuni uliolowa, akalilainisha na kidole gumba. Halafu akakiloweka kipande chote, akakibandikia unywele mmoja ili kionekane cha kuogea, akakiweka ndani ya beseni pamoja na taulo na mswaki, mbele kabisa, karibu na usukani.

"Askari anatafuta kitu kilichofichwa," alikuwa akiniambia. "Kitu iko mbele ya macho yake, atatafuta cha nini?"

Dhahabu ilikuwa na wenyewe. Yeye alipata sehemu yake tu, na sehemu hiyo ndiyo ilikuwa minerval yangu, ada ya shule. Bila sabuni ile ningekuwa nauza ndizi sokoni. Tulioijua tulikuwa wanne: baba, mama Pétronille, mimi, na Evariste, msaidizi wake wa lori, aliyekuwa kama ndugu wa tumbo moja naye.

Mwezi wa tano mwalimu Adriko akatupa insha ya mwisho wa mwaka: kazi ya baba yangu. Nilijua nitaandika nini kabla hajakaa chini. Nilitaka alitaje jina langu mbele ya darasa, hiyo tu, kichwa cha msichana wa miaka kumi na saba hakikuwa na kitu kingine. Nikajiambia: nani Bunia anasoma Kiingereza? Kifaransa anasoma préfet, mkuu wetu wa shule, na kila mwenye ofisi. Kilingala ni cha askari. Kiswahili ni cha kila mtu. Kiingereza tulikuwa tunakiona kama sanduku la chuma, unaweka kitu ndani, unafunga, unalala. Nikaandika: Baba yangu ana sabuni moja asiyoogea. Nikaandika kijiko, unywele, kidole gumba, beseni, kurasa mbili bila kufuta hata mstari.

Mwalimu Adriko alinibakisha baada ya somo.

"Hii ni kweli?"

"Hapana, mwalimu. Nimetunga."

Alifungua kalamu yake. "Basi una kipaji kunishinda," akasema, akanipa kumi na nane juu ya ishirini.

Ningeishia hapo, ingekuwa heri. Lakini mwisho wa mwaka, mwezi wa saba, kuna proclamation, siku ile shule inasoma pointi za kila mtoto mbele ya wazazi na wakubwa wa mji. Préfet akataka wageni waone kwamba kwake Kiingereza kinafundishwa kweli. Akamwambia mwalimu Adriko atoe insha iliyoshinda, isomwe na mwenyewe. Sikukataa. Nilikuwa na wiki mbili za kukataa, nikazitumia kupiga pasi sketi.

Baba alikuja amevaa abacost, lile koti la heshima lisilo na tai, aliyoazima kwa Evariste, mikono yake ilikuwa imemzidi. Evariste mwenyewe alikaa kando yake na shati tu. Nilipanda jukwaani nikasoma. Uwanja wote ulikaa kimya, wanatikisa vichwa, hakuna aliyeelewa hata neno, zaidi ya mwalimu Adriko aliyekuwa ameinamisha kichwa anasikiliza kosa. Nilisoma mbele ya watu mia tano jinsi baba yangu anavyopitisha dhahabu, nao wakapiga makofi, na baba akapiga kushinda wote. Alisimama. Nilimwona anafuta macho kwa mkono wa koti la watu.

"Wanasema uliandika juu yangu," akaniambia nilipoteremka.

"Ndiyo, baba."

"Juu yangu mimi? Mu Kiingereza?"

"Ndiyo."

"Leta hiyo kartasi."

Nikampa. Niseme nini? Mtu ameendesha lori miaka kumi na mitano, hajawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la makosa ya barabarani. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya nailoni, akaiweka kwenye mfuko wa shati pamoja na leseni yake. Tangu siku hiyo ilihama na kila shati. Mara mbili nilijaribu kuitoa wakati wa kufua, mara mbili akanishika. "Hii ni yangu," akasema. "Andika yako ingine."

Na aliionyesha. Kwa kila barrière, kizuizi cha askari barabarani, kabla hawajamwomba leseni, yeye alitoa karatasi: mutoto yangu njo aliandika, mu Kiingereza, juu yangu. Evariste alikuwa akitusimulia huku anaigiza, jinsi askari walivyoishika juu chini, wakatikisa kichwa, wakasema muzee, félicitations, pita. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka pia, huku naangalia mfuko wa shati la baba.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane walirudi mapema, wakakaa uani wanakunywa chai. Safari ile hawakubeba kitu, mashimo ya dhahabu yalikuwa yamejaa maji. Evariste akaanza.

"Kwa barrière iko mutu mupya, wa miwani. Anasema alikulia Kampala. Baba yako akamupa kartasi, sawa kawaida. Huyu hakuigeuza-geuza, hapana. Alisoma. Alisoma yote, akacheka mpaka akatoa miwani, akafuta macho."

"Na halafu?" nikauliza.

"Halafu akaikunja muzuri, akairudisha. Akasema: muzee, uko na mutoto wa akili mingi, umulinde. Hata gari hakupekua."

Baba alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe chake. "Mutu mwenye masomo anajua masomo," akasema.

Nilikuwa na Jumapili nzima. Tulikwenda misa, tukarudi, tukala sombe ya majani ya muhogo na samaki, baba akalala, akaamka, akakaa akiniangalia nikisuka nywele za mdogo wangu. Maneno yalikuwa machache tu: baba, ndani ya karatasi hiyo kuna sabuni. Kwa Kiingereza nilikuwa nimejaza kurasa mbili bila kusita. Kwa Kiswahili, mbele ya uso wake, sikupata hata moja la kuanzia. Jioni akaniletea kipande kipya na kijiko, nikakaa nikatoboa. Nilitoboa vizuri kama kila siku.

"Baba," nikasema nilipomkabidhi, "safari hii uache sabuni."

"Ju ya nini?"

"Nimeota vibaya."

Akacheka. "Ndoto hailipi minerval," akasema. Jumatatu asubuhi wakaondoka.

Alhamisi walikamatwa wakirudi. Hawakugusa gunia. Hawakuangalia chini ya kiti wala ndani ya gurudumu la akiba. Yule wa miwani alinyosha mkono dirishani, akasema, muzee, nipe sabuni yako ninawe. Basi, baba akampa, angefanya nini? Evariste walimshika siku mbili, wakaona ni mtu wa kupakia na kupakua tu, wakamwachilia. Baba akapata miaka miwili.

Nilikwenda na mama gerezani kumwona, tumebeba ugali na maharagwe. Saa na mkanda walikuwa wamemnyang'anya, karatasi ile wakamwachia, haikuwa na maana kwao tena. Alikuwa amekonda tayari. Hakutusalimu vizuri.

"Ile sabuni tuliijua watu wane," akasema. "Watatu ni wa nyumba yangu. Hesabu mwenyewe, Pétronille."

Mama akaanza kulia, akasema, Evariste, hapana, haiwezekani.

"Kwa nini walimuachilia? Kinachokuuma iko mu nguo yako, wazee walisema." Na mkono wake ulikuwa kwenye mfuko wa shati aliposema hivyo, unapapasa nailoni. Alikuwa na haki yote, ila mimi peke yangu nilijua nguo gani na mfuko gani, na nilikaa pale nikiokota mawe ndani ya maharagwe yaliyokwisha kupikwa.

Njiani mama akaniuliza kama niliwahi kumwambia mtu. Nikasema sikumwambia mtu. Nikamwangalia machoni nikisema hivyo.

Evariste alikuja nyumbani mara moja, amebeba kuku. Mama alimmwagia maji ya vyombo kutoka mlangoni, na kuku akakimbilia barabarani. Mtaa wote uliona. Tangu hapo kanisani watu walimpisha kwenye benchi, akakaa peke yake kama mtu wa ukoma. Hakuna dereva aliyemchukua tena, nani atasafiri na msaliti? Mwezi wa tisa shule ilipofungua nilikuwa nimekwisha kata tamaa ya kuingia darasa la sita. Akanisubiri kwenye lango la shule, ameshika bahasha.

"Ni ya masomo yako," akasema. "Baba yako ni ndugu yangu, hata akinikataa. Weye usome."

Sikuweza kumtazama.

"Kavira, weye unajua mimi sikusema."

"Najua," nikasema.

Alingoja. Alijua kwamba neno lile lina mkia, akangoja niuvute. Watoto walikuwa wanatupita wanaingia shuleni, kengele ikalia. Nikachukua bahasha, nikaenda darasani. Diploma yangu, hii iliyoko ukutani, imelipiwa na bahasha ile.

Mwalimu Adriko naye aliniita wiki hiyo hiyo. Habari ya sabuni ilikuwa imefika kila mahali. Sweta lake la kijani lilikuwa limetoboka kiwikoni.

"Uliniambia umetunga," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

Hakugomba. Aliingia darasani, akafuta ubao wote, akaandika: Baba yangu ni mrefu. Baba yangu ni mtu mwema. Baba yangu anapenda jamaa yake. Akatuambia tunakili. Mwisho wa mwaka akarudi kwao.

Mwaka wa 1983 baba alitoka, na kikohozi ambacho hakikuondoka tena. Na sikilizeni, ndiyo sababu nasema Mungu ana wakati wake wa kuchokoza watu: alikuta serikali imebadilisha sheria, watu wananunua na kuuza dhahabu mchana, vibao viko milangoni. Kitu alichofungiwa kilikuwa kimegeuka biashara. Lori lilikuwa na dereva mwingine. Baba akawa mtu wa kukaa uani. Evariste alikuwa amekwenda Mongbwalu kuchimba, kwa kuwa Bunia haikumtaka, na mwaka wa 1986 shimo likamwangukia. Walileta habari nyumbani kwetu, maana watu bado walikumbuka urafiki ule. Baba akasema hakuna wa nyumba yake atakayetia mguu kwenye matanga ya msaliti. Hatukwenda. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, nina mshahara wangu na mdomo wangu, na sikwenda.

Mwaka wa 1988 akawa wa kitandani. Tulimpeleka hospitali Nyankunde, wakatuambia kwa upole turudi naye nyumbani. Siku moja baada ya chakula cha mchana mama alikuwa anapepeta mchele mlangoni, mimi nimekaa kando ya kitanda nasahihisha karatasi za wanafunzi. Baba akaingiza mkono chini ya mto, akatoa nailoni. Karatasi ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, rangi ya chai.

"Nimeibeba miaka saba," akasema. "Sijui iko na maneno gani. Nisomee mu Kiswahili."

Niliifungua. Wino ulikuwa umefifia lakini mwandiko ulisomeka wote, mwandiko wangu wa miaka kumi na saba, na sabuni ilikuwa pale pale mstari wa kwanza. Mama aliacha kupepeta ili asikie.

"Baba yangu ni mrefu," nikasoma. "Baba yangu ni mtu mwema. Anaamka mapema. Anafanya kazi sana. Baba yangu anapenda jamaa yake, na sisi tunampenda."

Alikuwa amefumba macho.

"Iko hiyo tu?"

"Iko hiyo tu, baba."

"Kurasa mbili."

"Kiingereza ni kirefu, baba."

Nikaanza kukunja karatasi haraka, ikachanika.

"Yule wa miwani alicheka," akasema. "Alicheka mpaka akatoa miwani. Na ile siku ingine hakutafuta, aliomba sabuni tu." Akafumbua macho, akanigeukia, na macho yake yalikuwa safi kabisa. "Bernadette. Ni wapi panachekesha?"

Hapo ndipo pa kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nimefundisha mamia ya watoto kufungua na kufunga sentensi. Nikaangalia karatasi za wanafunzi kwenye mapaja yangu, zote zinasema baba ni mrefu.

Hakuuliza tena. Alimwangalia mama kule mlangoni.

"Pétronille," akasema, kama amesahau habari ile ya shimo, "umuite Evariste."

Mama aliweka ungo chini. "Baba Bernadette, Evariste tangu mwaka wa 1986 iko mu udongo. Tulikataa kwenda kwa matanga yake."

Baba aligeuza uso ukutani. Aliishi siku tisa zingine. Maji alikuwa anamwomba mama, hata mama akiwa mbali uani na mimi nimekaa pale pale kando yake na kikombe mkononi.